Simba wa Barafuni: Historia Fupi ya Ice Lions, Klabu ya Hoki ya Barafu ya Kenya

Ukoo wetu wa michezo ya barafu na theluji una mzee mmoja ambaye hakuja na gongo la hoki mkononi. Ni Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka Eldoret. Mwaka 1996, kwa ufadhili wa Nike, alipelekwa Finland kujifunza kuteleza kwa ski, naye hakuwa amewahi kukanyaga theluji. Miaka miwili baadaye, huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 mvua ilimwagika, theluji ikawa inamgandia chini ya ski, na akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Lakini bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikataa kwenda kuvishwa medali kabla Mkenya hajafika. Alimngoja pale mstarini, akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume, akampa jina la Dæhlie. Hadithi hii hatuchoki kuisimulia.

Sisi wa hoki, nyumba tuliipata mwaka 2005, Hoteli ya Panari ilipofungua uwanja wa barafu Barabara ya Mombasa, Nairobi, wa kwanza Afrika Mashariki. Nje jua linachoma, ndani watu wamejifunga makoti. Walioanzisha mchezo wa hoki ya barafu hapo ni wageni waliofanya kazi mjini, hasa Wakanada na Wamarekani. Vijana wetu waliokuwa wakiteleza kwa viatu vya magurudumu barabarani wakaja kuchungulia, wakabaki. Kocha Tim Colby, Mkanada, aliwapokea kama wanawe. Viatu, kofia na magongo vilikuwa vya kuazimana. Anayetoka uwanjani anamvulia anayeingia. Mwaka 2016 hivi, Ice Lions ikasimama kwa miguu yake, japo haikuwa na mpinzani nchini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio:

2018: Sabrina Simader aiwakilisha Kenya kwenye ski katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini. Mwaka huohuo timu yetu yaalikwa Kanada, na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wavaa jezi yetu.

2020: Korona, tukapumzika.

2024: Kenya yapokelewa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafu, IIHF.

Kilichobaki ni uwanja wa kipimo kamili, wenye urefu wa mita 60, maana huu wetu tunagongana mabega. Mwenye kiwanja na moyo, karibu.