Kura Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wafanyabiashara wetu wana methali yao ya tangu jadi: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika alichouza na alichokopesha hufika mwisho wa mwezi akakuta rafu tupu na sanduku la fedha tupu, wala hajui amdai nani. Hakuvunjiwa mlango, wala hakutishwa kwa panga. Mali imekwenda kwa sababu hapakuwa na maandishi ya kuizuia. Wiki hii tuichukue methali hiyo, tuitoe dukani, tuipeleke katika kituo cha kupigia kura.

Kila msimu wa uchaguzi raia huhimizwa vivyo hivyo: jiandikishe, piga kura kwa amani, rudi nyumbani ungoje matokeo. Ni mawaidha mema, lakini yana pengo. Hayo matokeo tunayoambiwa tuyangoje yanaandikwa na nani? Yanaandikwa wapi? Na je, mimi niliyeamka alfajiri nikasimama foleni, naweza kuyasoma kabla hayajaanza safari ya kwenda Nairobi? Historia ya uchaguzi wa Kenya, ukiitazama vizuri, ni historia ya kutafuta jibu la maswali hayo matatu, na jibu limetugharimu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichanganya. Kura ina sehemu mbili, na kila moja ina sharti lake. Kupiga kura kunataka siri, ili mnyonge asiulizwe na mwenye nguvu alimchagua nani. Kuhesabu kura kunataka uwazi, ili mwenye nguvu asimdanganye mnyonge. Ukiyabadilisha masharti hayo, kura ikapigwa hadharani na kuhesabiwa gizani, umekwisha kuua uchaguzi hata kama watu walijitokeza kwa maelfu.

Waingereza wenyewe, waliotuletea masanduku haya, walikuwa wakipiga kura za bunge lao waziwazi, kwa kumtaja mgombea mbele ya watu, hadi mwaka 1872. Mpangaji alimtaja aliyetakiwa na mwenye shamba, na kibarua alimtaja aliyetakiwa na tajiri wake, kwani asiyefanya hivyo hakujua kesho atalala wapi. Makoloni ya Victoria na South Australia, kule Australia, yalitangulia kuweka kura ya siri mwaka 1856. Uingereza ikafuata miaka 16 baadaye.

Hapa kwetu, Waafrika waliwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957. Sheria ya siku hizo ilikuwa ya kibaguzi. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura, na mwenye elimu, mali au utumishi wa miaka mingi aliweza kupewa hadi kura tatu, ilhali jirani yake ana moja au hana kabisa. Wajumbe wanane walichaguliwa kwa njia hiyo. Haki ya kila mtu mzima kuwa na kura yake moja, sawa na ya mwenziwe, ilifika na uchaguzi wa Mei 1963, miezi michache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa.

Miaka 25 baada ya hapo, tulirudi nyuma kuliko mwaka 1957. Mwaka 1982 katiba ilikuwa imebadilishwa ili KANU kiwe chama pekee. Mwaka 1986 chama hicho kikaamua kwamba wagombea wake wa ubunge watateuliwa kwa kupanga foleni, yaani mlolongo. Mwanachama angesimama nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake, kisha vichwa vihesabiwe. Aliyepata asilimia 70 au zaidi angehesabiwa kuwa amechaguliwa moja kwa moja, bila ya kura ya siri kufuata. Kwa hiyo, katika maeneo mengi, mlolongo wa wanachama wa KANU ndio uliokuwa uchaguzi, na raia asiye na kadi ya chama hakuwa na neno.

Ni haki kuwatolea waliotetea mlolongo hoja zao. Walisema njia hii ni rahisi na haina gharama. Walisema mzee asiyejua kusoma hahitaji kusaidiwa na mtu anayeweza kumpotosha. Zaidi ya yote, walisema hakuna wizi hapo, kwa kuwa kila mwenye macho anauona mlolongo mrefu na mfupi. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyowavutia wengi, na ndiyo iliyoanguka kwa kishindo.

Mlolongo ulipangwa Februari 1988, mbele ya maofisa wa utawala, machifu wakitazama. Fikiri hali ya mwalimu aliyeajiriwa na serikali, au mchuuzi ambaye leseni yake hutolewa na ofisi ile ile inayosimamia foleni. Angesimama wapi? Siri ilikuwa imeondolewa. Uwazi je? Watu waliona milolongo kwa macho yao, kisha wakasikia kwa masikio yao ofisa akimtangaza mwenye mlolongo mfupi kuwa mshindi. Wakilalamika, hapakuwa na kitu cha kuhesabu upya. Karatasi hakuna, sanduku hakuna, na watu wamekwisha kutawanyika kwenda makwao. Ushahidi uliondoka na miguu ya wapiga kura. Daftari lilikuwa kinywa cha ofisa, na kinywa hakina nakala.

Wapo walioonya mapema. Viongozi wa makanisa, kupitia Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walipinga mlolongo tangu mwaka 1986. Walisema mchungaji hawezi kujipanga hadharani nyuma ya muumini mmoja dhidi ya mwingine, kisha Jumapili awaite wote wawili mezani kwa Bwana. Uchaguzi ulipokwisha, gazeti la NCCK lililoitwa Beyond lilieleza wizi uliotendeka. Likapigwa marufuku Machi 1988, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akashtakiwa na kuhukumiwa kifungo. Tazama mpango huo ulivyokamilika: kwanza siri ikaondolewa, kisha hesabu ikafichwa, na mwisho aliyetaka kuwapa wananchi habari akafungwa mdomo. Mambo haya matatu hutembea pamoja kama mafiga.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri, akilalamikia wizi katika uchaguzi wa ndani wa KANU. Mwaka 1990, mwaka ule ule wa machafuko ya Saba Saba, chama kiliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ili kusikiliza maoni ya wananchi. Wananchi hawakupepesa macho. Desemba mwaka huo wajumbe wa KANU wakaufuta mlolongo pamoja na ile kanuni ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye vyama vingi vikaruhusiwa tena.

Wengi walidhani kazi imekwisha. Siri imerudi, sanduku limerudi, nini tena? Kumbe ni sharti la kwanza tu lililorudi. Katika uchaguzi wa 1992 na ule wa 1997, kura zilipigwa kituoni lakini hazikuhesabiwa hapo. Masanduku yalipakiwa katika magari, yakasafirishwa hadi ukumbi mmoja wa eneo bunge, mara nyingi usiku na kwa barabara mbovu. Mpiga kura aliliaga sanduku lake mlangoni kama mzazi anayemsindikiza mtoto katika basi asilolijua dereva wake.

Mwaka 1997, baada ya maandamano na vifo, wabunge wa KANU na wa upinzani walikaa pamoja katika kundi lililojulikana kama IPPG. Walikubaliana kwamba vyama vya upinzani vipendekeze makamishna 10 wa kuongezwa katika Tume ya Uchaguzi, kwamba mikutano ya hadhara isiombewe tena leseni, na kwamba shirika la utangazaji la taifa, KBC, litoe habari za pande zote kwa usawa. Yalikuwa makubaliano ya haraka na yenye mapengo, lakini yalikiri kwa sheria kwamba mpiga kura asiyepata habari za pande zote hachagui, bali anaelekezwa.

Hatua kubwa zaidi haikupigiwa ngoma. Mwaka 2002 kura zilihesabiwa pale pale kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea wote. Mtu anaweza kuliona kuwa jambo dogo la utaratibu, lakini uzito wake ni huu: hesabu ikishafanyika na kutiwa saini kituoni, kuliiba sanduku njiani hakuna faida tena. Uchaguzi wa mwaka huo ulimwingiza Mwai Kibaki Ikulu, na chama kilichotawala tangu uhuru kikakubali kushindwa.

Kisha likaja pigo la 2007. Hesabu za vituoni zilikuwapo, lakini kati ya kituo na ukumbi wa KICC jijini Nairobi palikuwa na shimo. Takwimu zilizotangazwa katika maeneo bunge hazikulingana na zile zilizosomwa Nairobi, na mwananchi hakuwa na njia ya kuzilinganisha mwenyewe. Jioni ya Desemba 30 matokeo ya urais yalitangazwa, rais akaapishwa saa hiyo hiyo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Yaliyofuata tunayajua. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza mwaka 2008, ilisema kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Yafikirieni maneno hayo, wasikilizaji. Watu walizikwa kwa ajili ya hesabu ambayo mpaka leo hakuna awezaye kuifanya.

Ndipo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 86, ikaagiza kwamba njia yoyote ya kupiga na kuhesabu kura iwe rahisi, sahihi, salama na yenye kuweza kuthibitishwa. Neno hilo la mwisho, kuthibitishwa, ndilo daftari la methali yetu. Juni 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilisema matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na Nairobi haina mamlaka ya kuyabadilisha. Miezi michache tu baadaye, Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba mshindi alitangazwa kabla Tume haijapokea Fomu 34A zote, yaani zile karatasi za hesabu za vituo, na kwamba Tume haikuifungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoamriwa.

Funzo hilo lilizaa matunda mwaka 2022. Picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, na yeyote mwenye simu aliweza kuzisoma na kuzijumlisha. Je, ubishi uliisha? La. Makamishna wanne wa Tume walijitenga na matokeo, na kesi ikafika mahakamani. Lakini safari hii ubishi ulikuwa na karatasi ya kurejelea. Mahakama ilizilinganisha fomu za tovuti na zile halisi, haikuona tofauti za maana, na Septemba 5 ikatoa uamuzi wake kwa kauli moja. Mshindani aliyeshindwa alisema haukubaliani naye, lakini akasema atauheshimu. Ukilinganisha na Desemba 2007, utaona thamani ya karatasi.

Sasa mawaidha, maana historia isiyotupa kazi ni hadithi tu. Sheria inataka nakala ya Fomu 34A ibandikwe mlangoni pa kituo. Ni wangapi kati yetu huirudia kuisoma? Wakala hupewa nakala yake. Ni wangapi hutia saini kabla ya kujumlisha, kwa kuwa wamechoka na usiku umekucha? Na vyama vinavyolia kuibiwa, mbona vingine havikupeleka mawakala katika vituo vyote? Duka lenye daftari zuri nalo hufilisika ikiwa mwenye duka hafungui kurasa.

Kwa hiyo uchaguzi ujao ukifika, tusitosheke na yale mawaidha ya zamani. Jiandikishe, piga kura kwa amani, nenda nyumbani ukapumzike. Kisha rudi. Isome karatasi iliyobandikwa mlangoni, ipige picha, na utakaposikia hesabu ya kituo chako ikisomwa mbali, iwe ndiyo ile ile. Mlolongo wa 1988 uliwaacha wazazi wetu bila hata kipande cha karatasi cha kuonyesha. Sisi tunayo.

Hadi wiki ijayo, Mungu akitujalia, kwaherini.