Jirani na Mgonjwa wa Akili

Zamani katika nchi ya Ukamba, mtu aliyeugua akili alitunzwa kwao. Jamaa zake walimwita mundu mue, yaani mganga, naye alimtibu machoni pa watu wa nyumbani. Kisha mwaka 1910 Serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili mjini Nairobi, nayo mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Tangu hapo mgonjwa wa Mbumbuni, au wa pembe nyingine yoyote ya Kenya, aliweza kuchukuliwa mbali na kuwekwa miongoni mwa wageni. Aliporudi, wengi walimwogopa, na mara nyingi hapakuwa na wa kumwuliza kama amekunywa dawa.

Pengo hilo ndilo wanalojaribu kuliziba watu wa kujitolea. Mwaka 2006 Kenya iliweka mpango wa afya ya jamii, na wanakijiji wakapewa kazi ya kuzuru nyumba za wenzao. Katika miaka ya 2010, shirika la Africa Mental Health Foundation, lililoanzishwa na Profesa David Ndetei, liliwafundisha watu hao katika kaunti ya Makueni, ambamo Mbumbuni imo, kuzitambua dalili za maradhi ya akili. Wauguzi, waganga wa jadi na waombezi wa makanisani walifundishwa pia. Aliyejitolea hatoi dawa. Kazi yake ni kusikiliza, kumwelekeza mgonjwa zahanatini, na kumrudia nyumbani.

Nguvu yake hutoka katika ujirani. Hubisha hodi kwa Kikamba, na mama wa mgonjwa humjua. Mgonjwa amkimbiaye daktari aweza kumkaribisha yeye. Lakini ujirani huohuo una hatari. Neno lililosemwa chumbani likisikika sokoni, mgonjwa atafunga mlango, na huenda asiufungue tena. Jirani akitoboa siri, mgonjwa hana pa kujificha.

Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwalipa posho wahudumu hawa kote nchini. Ni haki yao, ila imani ya mgonjwa hainunuliwi kwa posho. Wakamba wana desturi ya mwethya: leo majirani hulima shamba la huyu, kesho la yule, wala asaidiwaye haoni haya, kwa kuwa zamu yake ya kusaidia yaja. Basi amwendeaye mgonjwa wa akili na aende kwa moyo huo, si kama bwana kwa mtumwa, bali kama mtu kwa mwenzake.