Njia ya Elton, kutoka Rungwe hadi Usangu

Tukuyu mvua haiombwi. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, juu ya udongo mweusi wa majivu ya volkano. Hapo ndipo nilipoanza kufuata njia ya James Frederic Elton, konsuli wa Uingereza huko Msumbiji. Mwaka 1877 alitoka Ziwa Nyasa, akapita nchi ya Wanyakyusa, akakwea uwanda ambao ramani za kikoloni ziliupa jina lake na sisi tunauita Kitulo, kisha akateremkia Usangu kwa chifu Merere, aliyekuwa vitani na Wahehe. Desemba ya mwaka huo Elton alifia Ugogo.

Rungwe ni miteremko tu. Kwa mvua ile, udongo wote ungekwisha kushuka ziwani zamani. Haukushuka, kwa sababu Wanyakyusa waliushika. Waliishi ndani ya migomba, wakairudishia samadi ya ng'ombe wao, na mashambani wakainua matuta makubwa yenye nyasi zilizofukiwa ndani. Kazi ya jembe ilikuwa ya wanaume, baba na wanawe. Nilipotia mkono chini ya majani makavu ya migomba, ulizama hadi kifundoni, ukatoka na unyevu na mnyoo. Tone la mvua hapa hupokewa na jani kwanza, likafika chini limekwisha nguvu.

Barabara ikapanda milimani hadi Isongole. Mvua inayoanguka upande mmoja wa milima hii huenda Mto Kiwira na Ziwa Nyasa. Ya upande wa pili huishia Mto Ruaha Mkuu, na Rufiji. Ukishavuka hapo ukashuka Chimala, unaingia nchi nyingine kabisa.

Usangu mvua haifikii nusu ya ile ya Tukuyu, nayo huja kwa miezi michache, kwa vishindo, baada ya kiangazi kirefu kilichomaliza nyasi. Tone halina jani la kulipokea. Hupiga ardhi tupu, chembe laini huziba vitundu, juu pakawa pagumu kama sakafu, na maji yakakosa pa kuingia. Hutafuta njia, na njia iliyo tayari ni ile ya ng'ombe kwenda kunywa. Korongo huanzia hapo. Kando ya mojawapo nilipima mizizi ya mgunga iliyobaki hewani: shibiri moja na vidole vitatu. Mti haukupanda juu. Ardhi ndiyo iliyoondoka, na mti ulikuwa ungali hai.

Lawama huangukia wafugaji, Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig, waliohamia hapa tangu katikati ya karne iliyopita. Sikubali kwamba hadithi inaishia kwao. Wengi walifuata malisho baada ya kwao kubana, na hapa wakakuta mashamba makubwa ya mpunga yakitwaa maji na nyanda. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi, jambo ambalo limejirudia mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2006 serikali ikaanza kuwaondoa wafugaji na mifugo yao, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kondoa walitangulia: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na 1979 ng'ombe na mbuzi wote waliondolewa katika vilima vya Irangi. Nyasi zilirudi. Ng'ombe nao walikwenda kukanyaga ardhi ya mtu mwingine.

Kando ya barabara kuu mama mmoja alikuwa amepanga magunia ya mkaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza miti anaitoa wapi. Akanyoosha mkono nyuma yake, kwenye uwanda mweupe wenye visiki.

"Tulianzia pale. Sasa wanangu wanaondoka Jumatatu na baiskeli, wanarudi Alhamisi."

Upepo ulivuma kutoka kule, na vumbi likatua juu ya magunia yake.