Usuhuba wa Mlimani na Ng'ambo: Makanisa ya Meru na Embu na Ndugu Zao wa Mbali

Mjini Meru, pale Makutano ambapo njia ya Maua huachana na njia ya Nanyuki, mtu akishika upande wa Maua hakawii kufika Kaaga, mahali ambapo mwaka 1912 wamisionari wa Methodist kutoka Uingereza waliweka makao yao katika nchi ya Wameru. Na kwa kuwa makao hayo yalilelewa kwa sadaka za waumini wa ng'ambo ambao aghalabu hawakupata kuiona hata Mombasa, hapana budi habari ya usuhuba baina ya makanisa ya Mlima Kenya na yale ya nchi za mbali ianzie hapo.

Walakini mizizi yake iko pwani. Mwaka 1862 Thomas Wakefield, Mmethodist wa Uingereza, na wenziwe, kwa mwito wa mmisionari Ludwig Krapf, walishuka Mombasa wakapiga kambi Ribe, na azma yao ilikuwa kuwafikia Waoromo, si Wameru. Ikapita nusu karne kabla dhehebu lao halijaukwea mlima. Waliokuja Kaaga walijiita United Methodist Church, na msomaji wa leo asiwachanganye na kanisa la Marekani lenye jina hilohilo, lililoundwa mwaka 1968.

Usuhuba huo, tukisema kweli, haukuwa wa hiari. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimegawana nchi kwa mapatano: Imenti, Tigania na Igembe zikawaangukia Wamethodist, Embu ikawa ya Waanglikana wa Church Missionary Society, waliojenga Kigari mwaka 1910, Chuka na Mwimbi zikawa za Waskoti, ambao mwaka 1922 walimleta Daktari Archibald Irvine kuanzisha kazi ya Chogoria. Wakatoliki wa Shirika la Consolata la Turin, waliokwisha kuingia Kenya mwaka 1902, hawakujiona wamefungwa na mapatano ya wengine, wakajenga walikoona panafaa. Basi mto aliozaliwa kando yake ndio uliomchagulia mtoto sio dhehebu tu, bali na taifa la kuliombea: wa Igembe akawaombea Waingereza, na shemeji yake wa Chogoria akawaombea Waskoti, ilhali wote wawili walinunua chumvi katika soko moja.

Na wazungu wenyewe walikuwa na ikhtilafu zao. Mwezi wa Juni 1913 wajumbe wa misheni za Kiprotestanti walikutana Thogoto, karibu na Nairobi, wakajadili namna ya kufanya shirikisho, na mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, akaongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, wakashiriki na wasiokuwa Waanglikana. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alighadhibika mno, akamshtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Mtu wa Mwimbi ambaye hakuwa amemsikia mhubiri hata mmoja alikuwa amekwisha kuwa sehemu ya ugomvi wa maaskofu wa Uingereza, bila ya yeye kujua.

Kwa miaka mingi fedha na amri zilishuka mlimani, na taarifa na shukrani zikapanda kurudi ng'ambo. Sisemi hayo kwa kubeza, kwani hospitali ya Maua, iliyoanzishwa mwaka 1928, na ile ya Chogoria, zimeokoa roho zisizohesabika. Ila mpokeaji wa kila siku hawezi kuitwa sahibu, na waliolitambua jambo hilo mapema walikuwa Waafrika. Mwezi wa Januari 1967 Methodist ya Kenya ikapata madaraka yake. Miaka minne baadaye, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, Mchungaji John Gatu wa Presbyterian Church of East Africa, kanisa lililozaliwa na misheni ya Waskoti, aliwaomba wenyeji wake wasitishe kwa muda kuleta wamisionari na fedha, ili Waafrika wapate kujitambua. Baadhi ya wasikilizaji waliudhika, wengine wakamshukuru. Lakini lilipokutana Lusaka mwaka 1974, Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lililichukua wazo hilo kuwa lake. Kwa maoni yangu hotuba ile iliufaa usuhuba kuliko hiba yoyote ya majengo, maana aliyeweza kukataa ndiye aliyeweza pia kukubali.

Fedha, yafahamika, hazikukoma, na nyingine zilitumiwa kwa hekima. Huko Mukululu, kando ya msitu wa Nyambene, Bruda Giuseppe Argese wa Consolata, mzaliwa wa Martina Franca kusini mwa Italia, aliutumia umri wake kuyakusanya maji ya msitu na kuyapeleka kwa mabomba kwenye nyanda kavu, akisaidiwa na marafiki wa kwao. Alifariki mwaka 2018, na watu wa Tigania na Igembe wanamkumbuka kwa jina la Mukiri, yaani mtu mkimya. Maua nako vimekuja vikundi vya waumini kutoka Marekani, waliojilipia nauli, kujenga nyumba za yatima. Hapa nina neno dogo: si vibaya mgeni kuchanganya saruji, lakini yafaa mafundi wa hapo wapate ujira kwanza.

Safari za kurudi zimekuwa chache, ingawa zipo. Mwaka 1986 Wamethodist wa dunia walikutana Nairobi, wakamchagua Askofu Lawi Imathiu, Mmeru, kuwa Rais wa Baraza lao la Dunia hadi mwaka 1991. Na tangu hapo wachungaji wa Kenya wameonekana katika mimbari za Uingereza, wakihubiria makusanyiko ya wazee wachache wenye majengo makubwa, na wakilipwa kwa sadaka za wazee hao.