Kutoka Kadi za Matundu Hadi Vimelea vya Karagwe

Frederick Sanger alitumia takribani miaka kumi ya maisha yake kusoma protini moja. Protini hiyo ni insulini, yenye asidi amino 51 tu, na ilipofika mwaka 1955 mtafiti huyo wa Cambridge, Uingereza, alikuwa ameshajua kila moja inakaa nafasi gani. Kabla yake walikuwapo wanakemia waliodhani kwamba protini haina mpangilio maalumu. Sanger alionyesha kuwa mpangilio upo, haubadiliki ovyo, na unaweza kuandikwa kwenye karatasi herufi kwa herufi kama neno refu. Mwaka 1958 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kazi ile ilikuwa ya mikono na subira. Protini ilikatwakatwa kwa vimeng'enya, kila kipande kikasomwa peke yake, kisha mtafiti akaketi mezani kutafuta vipande ambavyo miisho yake inalandana ili aviunganishe upya. Kwa asidi amino 51 mtu anaweza. Zikiwa mamia, na vipande vingi vikifanana, hakuna kichwa kinachoweza kuvipanga vyote bila kukosea.

Aliyeona kwamba kazi hiyo inafaa kupewa kompyuta ni mwanamke Mmarekani, Margaret Oakley Dayhoff. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1925, akapata shahada ya uzamivu ya kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1948, na tangu akiwa mwanafunzi alikuwa akitumia mashine za kadi za matundu za IBM kukokotoa nishati ya molekuli. Mwaka 1962, akishirikiana na Robert Ledley, mtaalamu wa kompyuta ambaye fani yake ya kwanza ilikuwa udaktari wa meno, aliandika programu iitwayo COMPROTEIN. Ilipewa vipande vya protini, ikavilinganisha, ikatoa mpangilio mzima kwa dakika chache.

Programu hiyo peke yake ingetosha kumtaja Dayhoff katika historia. Lakini jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kitabu alichokitoa na wenzake mwaka 1965. Kilikuwa atlasi ya protini zote ambazo mpangilio wake ulikuwa umeshajulikana, na zilikuwa 65 tu. Wakati huo kila asidi amino iliandikwa kwa kifupisho cha herufi tatu, na nafasi kwenye kadi ilikuwa finyu. Dayhoff akaipa kila moja herufi moja: A kwa alanini, R kwa arginini, H kwa histidini, na kuendelea hivyo. Mfumo huo ndio unaotumika hadi leo katika kila maabara duniani, na tutakutana nao tena huko mbele, kwenye malaria.

Protini zilipokusanywa mahali pamoja, zikaanza kuelezana. Chukua saitokromu c, protini inayosaidia seli kuzalisha nishati. Ya binadamu ina asidi amino 104. Ukiiweka kando ya ile ya sokwe, hakuna tofauti hata moja. Ukiiweka kando ya ile ya farasi, zinapishana katika nafasi 12. Ya hamira iko mbali zaidi, na hata hivyo nafasi zaidi ya nusu zinalingana na zetu. Kwa hesabu za namna hiyo Dayhoff na wenzake walianza kuchora nasaba za viumbe bila kuchimba mfupa hata mmoja. Baadaye wakatengeneza majedwali yanayoonyesha ni asidi amino ipi hubadilishwa na ipi bila kuiharibu protini, na ipi kiumbe hakikubali kuipoteza.

Hapo ndipo bioinfomatiki, yaani elimu ya kuchambua data za biolojia kwa kompyuta, ilipozaliwa kweli. Msingi wake ni kulinganisha. Mpangilio mmoja, hata usomwe kwa usahihi kiasi gani, hauna la kusema mpaka uwekwe kando ya mwingine unaofahamika. Kwa hiyo nguvu ya elimu hii inategemea kile kilichomo ghalani, nani alikiweka na nani anaruhusiwa kukichukua.

Swali la nani anaruhusiwa lilimwumiza Dayhoff mwenyewe. Taasisi yake iliuza atlasi na baadaye kanda za kompyuta ili kufidia gharama, na haikuruhusu data hizo zisambazwe upya bila idhini. Baadhi ya watafiti walinung'unika: matokeo ni yetu, tumeyatoa bure, kwa nini tuyanunue? Mwaka 1977 Sanger alipotangaza njia nyepesi ya kusoma DNA, mafuriko ya data yakaanza, na serikali ya Marekani ikaamua kugharamia ghala la taifa. Dayhoff aliomba kazi hiyo. Mwaka 1982 ikaenda kwa kundi la Walter Goad wa maabara ya Los Alamos pamoja na mshirika wake wa kibiashara, walioahidi kuwa data zitakuwa wazi kwa kila mtu. Ghala hilo ndilo GenBank. Dayhoff alifariki Februari 1983, akiwa na umri wa miaka 57.

Inasikitisha kwamba mwasisi alinyimwa kazi aliyoianzisha. Hata hivyo, uamuzi wa kuacha mlango wazi ulikuwa sahihi, na ushahidi ulipatikana mapema. Heidelberg, Ujerumani, ilikuwa tayari na ghala lake, Japani ikafuata, na mpaka sasa maghala hayo matatu hubadilishana data kila siku.

Tiba iliona faida ya kulinganisha mwaka uleule wa 1983. Huko San Diego, California, mwanabiokemia Russell Doolittle alikuwa amejijengea hifadhi yake ya protini na kuziingiza kwenye kompyuta kwa kuzichapa. Alipolinganisha protini mpya ya damu, ile inayoamuru seli zikue ili kidonda kipone, aliona inafanana mno na protini ya kirusi kinachosababisha saratani kwa nyani. Kundi la Michael Waterfield jijini London likagundua jambo hilohilo. Waliokuwa wakichunguza vidonda na waliokuwa wakichunguza saratani hawakuwa na sababu ya kusomana. Kompyuta ndiyo iliyowakutanisha. Ikaeleweka kwamba saratani inaweza kuanza pale amri ya kawaida ya kukua inapotolewa bila kukoma. Dawa nyingi za saratani za leo zimebuniwa kwa kuzuia amri za namna hiyo.

Ghala lilipojaa, kulinganisha mpangilio mmoja na mingine yote kukawa kwa polepole mno. Mwaka 1990 Stephen Altschul, David Lipman na wenzao watatu walitoa programu ya BLAST, inayotafuta kwanza vipande vifupi vinavyolingana na kupanua pale tu penye dalili. Huacha machache yapite, lakini hujibu upesi. Mwanafunzi wa biolojia hii leo huitumia bila hata kujiuliza ilitoka wapi.

Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, iliyotangazwa kwa shangwe Juni 2000, inajulikana na wengi. Nitaigusa kwa jambo moja. Wiki chache kabla ya tangazo, vipande vya mradi wa umma vilikuwa bado havijaungana, huku kampuni binafsi ya Celera ikikaribia kumaliza toleo lake. Jim Kent, mwanafunzi wa uzamivu wa Santa Cruz, aliandika programu ya kuviunganisha kwa takribani wiki nne, akichapa hadi ikabidi apoze vifundo vya mikono yake kwa barafu. Julai 7 mpangilio huo ukawekwa kwenye intaneti, bure kwa dunia nzima.

Kwetu sisi, sura nzito zaidi ni ya Oktoba 2002. Mwezi huo zilichapishwa jenomu mbili kwa pamoja: ya *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria kinachoua zaidi, na ya *Anopheles gambiae*, mbu anayekisambaza. Jenomu ya kimelea ina herufi za DNA zipatazo milioni 23, katika kromosomu 14, na jeni kama 5,300. Ilikuwa ngumu kusoma kwa sababu karibu asilimia 80 ya herufi zake ni A na T, hivyo vipande vinafanana na kuwachanganya wasomaji. Ilipokamilika, kompyuta ikaipeleka kila protini ghalani kutafuta mwenzake. Takribani asilimia 60 hazikupata mwenza anayefahamika wa kuelezea kazi zake. Miongo mingi ya sayansi ya mimea, bakteria na panya ilikuwa imejaza maghala, ilhali kiumbe kinachoua watoto wa Afrika kilibaki mgeni ndani yake.

Sehemu iliyofahamika ilitosha kuanzia kazi. Hata kabla jenomu haijakamilika, vipande vyake vilikuwa vikiwekwa wazi, na mwaka 1999 Hassan Jomaa na wenzake nchini Ujerumani wakapekua humo. Walikuta jeni za njia ya kikemia ambayo mimea na bakteria wanayo na binadamu hana. Kulikuwa na dawa ya zamani ya kuua bakteria, fosmidomisini, inayoziba njia hiyo. Iliwaponya panya wenye malaria, na baada ya miaka michache tu ilikuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa Gabon na Thailand. Haikuwa dawa ya kawaida ya hospitali, kwa kuwa ugonjwa uliwarudia baadhi ya waliotibiwa. Lakini safari hiyo kutoka data hadi kwa mgonjwa isingewezekana kama vile vipande vingefichwa hadi siku ya kuchapishwa.

Wafugaji nao wamo katika historia hii. Mwaka 2005 ilisomwa jenomu ya *Theileria parva*, kimelea cha ndigana kali, kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI ya Nairobi na taasisi ya TIGR ya Marekani. Kimelea kilichosomwa ni cha aina iitwayo Muguga, jina la mahali palipo karibu na Nairobi. Watafiti waliitumia kompyuta kuchagua, kati ya jeni zipatazo 4,000, zile ambazo protini zake huenda zinaonwa na kinga ya ng'ombe, na kutoka humo wakapata protini za kufikiriwa kwa chanjo.

Sasa turudi kwenye malaria. Tangu dawa za awali zishindwe, nguzo ya tiba imekuwa dawa mseto yenye artemisinini. Tanzania ilianza kutumia mojawapo, ALu, mwishoni mwa 2006. Miaka michache baadaye habari za usugu zikatoka Kambodia, na hakuna aliyejua ni jeni gani inahusika. Jibu, lililochapishwa Januari 2014, lilitoka kwa kimelea chenye jina la kwetu: F32-Tanzania. Maabarani Ufaransa kimelea hicho kilipewa artemisinini kidogokidogo kwa miaka mitano hadi kikaizoea, huku ndugu zake wakikuzwa kando bila dawa. Jenomu za pande zote mbili zikasomwa na kulinganishwa herufi kwa herufi. Katika milioni 23, tofauti zilizobaki ni nane. Moja ilikuwa kwenye jeni iitwayo K13, ikaandikwa M476I: katika nafasi ya 476, methionini imegeuka isoleusini. Herufi hizo ni za Dayhoff. Vimelea vya wagonjwa wa Kambodia vilipochunguzwa, jeni ileile ilikuwa imebadilika katika nafasi nyingine, hasa C580Y.

Tangu hapo usugu ukawa na anwani, na kila nchi ingeweza kuutafuta. Agosti 2020 Aline Uwimana na wenzake wa Rwanda walitangaza R561H katika vimelea vya Masaka, karibu na Kigali. Hofu kubwa ilikuwa kwamba usugu umeletwa kutoka Asia, kama ulivyokuja ule wa klorokwini katika miaka ya 1970. Watafiti wakalinganisha jenomu hizo na za Asia na kuona hazina asili moja: badiliko lilizuka lenyewe, humuhumu. Mwaka 2021 Uganda ikaripoti A675V na C469Y kutoka kaskazini mwa nchi. Kisha watafiti wakiongozwa na Deus Ishengoma wa NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, wakaionyesha R561H mkoani Kagera, hasa Karagwe, wilaya inayopakana na Rwanda. Dawa mseto bado inawaponya wagonjwa wengi, kwa kuwa ndani yake imo dawa mwenza. Kinachopungua ni kasi ya artemisinini kuwafyeka vimelea, na mzigo unamwelemea mwenza huyo.

Kinachonisumbua ni muda. Sampuli za Rwanda zilichukuliwa kati ya 2013 na 2015, na dunia ikasoma habari zake 2020. Wakati huohuo, mwaka 2015, nchini Guinea, kikundi kidogo cha watafiti kilisoma jenomu za Ebola kwa mashine ndogo inayoshikika mkononi na kutoa majibu ndani ya saa 24. Ebola ilikuwa dharura na fedha zilipatikana. Malaria ipo kila mwaka, kwa hiyo imezoeleka.

Mashine si kikwazo kikubwa tena. Kazi ngumu huja baadaye, pale mafaili yanapojaa kwenye kompyuta na anahitajika mtu wa kutenganisha badiliko la kweli na kosa la usomaji. Mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa na Nicola Mulder kutoka Cape Town, ulianzisha mwaka 2016 kozi ya msingi kwa madarasa 20 katika nchi 10 za Afrika. Intaneti ikiwa dhaifu, mihadhara ilirekodiwa mapema ikapakuliwa, wanafunzi wakaitazama pamoja, na walimu wasaidizi wakawa darasani kujibu maswali. Wanafunzi 364 walijiandikisha mwaka huo. Watu wa aina hiyo wanahitaji ajira za kudumu katika maabara za taifa na za kanda, karibu na Karagwe na Masaka, na si mikataba inayokwisha mradi wa mfadhili unapokwisha.