Mzee Akae Wapi? Tarehe Fupi ya Nyanda za Buha

Sisi wa visiwani tukitaja nyumba za wazee, fikra hutwendea Sebleni na Welezo hapa Unguja, au Limbani kule Pemba. Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha, suala la kumhamisha mzazi aliyezeeka lina sura nyengine, na sura hiyo imechongwa na tarehe.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Serikali ya kikoloni ikaifanya Buha kuwa ghala la vibarua. Kuanzia miaka ya 1940, SILABU, wakala wa wenye mashamba ya mkonge, iliwaandikisha vijana wa huko kwa mikataba, wakapelekwa Tanga na kwengineko, wakaitwa manamba. Wengi walirejea kwao. Wengine walizeekea huko huko mkongeni, mbali na migomba ya baba zao. Kwa hivyo mzee asiye na wa kumtazama si kioja cha zama zetu.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Waha waliokuwa wakiishi katika miji iliyotawanyika, kila mmoja kati ya mashamba yake, walihamishiwa vijijini. Kuhama huko kulikusudiwa kumsogeza mzee karibu na barabara, zahanati na shule ya wajukuu, lakini kulimtenga na makaburi ya wazee wake na migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Faida na hasara zilikuja katika mzigo mmoja. Anayefikiria leo kumpeleka mama yake kwenye makazi ya wazee ana mizani hiyo hiyo mkononi.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, nayo ina la kutufunza. Mgao na tiba vyaweza kuwapo, na bado ajuza akahitaji mtu wa kumtekea maji, kumtafutia kuni na kumjulia hali usiku.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia jukumu la kwanza, ikayafanya makazi ya kulelea kuwa kimbilio la mwisho. Ni rai njema, ila hukwama pale ambapo familia yenyewe imehamia mjini. Mtoto aliye Dar es Salaam, mama yake akiwa Kibondo, na ajiulize: nani humpikia? Akiugua usiku, nani atamfikisha hospitali? Na je, yeye mwenyewe ameulizwa? Ikiwa jirani au mjukuu anayelipwa ataweza kuyatimiza mawili ya kwanza, mama na abaki penye lugha yake na watu wanaolijua jina lake. Yasipowezekana, kumhamisha si kumtupa, maadamu ameridhia na wanawe hawaachi kwenda kumtazama. Vijana wa mkonge waliondoka kwa mkataba. Mzazi naye anastahiki angalau kuulizwa.