Uloto, Homa na Mkanda wa Jeshi

Isongole, huku Ileje mpakani na Malawi, mkulima wa kahawa hahitaji kufafanuliwa neno kupandikiza: mche hutolewa kitaluni, ukapelekwa shambani, ukasubiriwa ushike. Upandikizaji wa uloto, unaotumika kutibu baadhi ya wagonjwa wa limfoma, saratani ya mitoki, unafuata njia hiyohiyo, wala hauna kisu. Mara nyingi seli shina za mgonjwa mwenyewe huvunwa damuni na kugandishwa. Yeye hupewa dawa kali za saratani, kisha seli zake hurudishwa kwa dripu na kusubiriwa zishike kwenye uloto, ndani ya mifupa.

Neno uloto tumeshalizoea tangu Muhimbili ianze upandikizaji huo mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kazi iliyobaki ni kuyapa majina yanayompata mgonjwa baadaye. "Matatizo" ni neno pana mno. Halimwambii aliyerudi Isongole ni saa ngapi atafute gari la kwenda Mbeya.

Chukua homa. Chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, joto la nyuzi 38 ni dharura ya saa hiyohiyo, si la kungoja kupambazuke. Wapo wanaoiita homa ya upungufu wa kinga. Silipendi jina hilo, kwa sababu masikio yetu yameshalisikia kwenye UKIMWI. Homa ya chembe nyeupe kushuka inatosha, na inasema kweli.

Mkanda wa jeshi nao umebeba mzigo huohuo wa kuhusishwa na UKIMWI. Malengelenge yale yenye maumivu makali, upande mmoja wa mwili, huwapata sana waliopandikizwa, maana virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini huamka kinga ikilegea. Dawa ipo, na hufaa zaidi ikiwahi. Lakini mtu anayeogopa maneno ya majirani hujifunika shuka, siku zikapita. Jina hili tusilibadilishe, ni letu na linaeleweka; tulisafishe kwa kulieleza.

Aliyepewa seli za mtu mwingine ana hatari yake: pandikizi kumshambulia mwenyeji. Hapo aangalie upele, kuharisha na macho kuwa ya manjano.

Ndugu unayemuuguza mgonjwa wa namna hii, usiondoke wodini kabla hujaandikiwa kwa Kiswahili dalili zipi zikurudishe hospitali, na namba ya kupiga usiku.